Alama Mbili Chini ya Siti ya Kulungu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa pikipiki. Nilipewa mtaimbo nikaambiwa nifungue sanduku. Karakana yetu ilikuwa Changamwe, upande unaoteremka kuelekea Kipevu, na masanduku yaliletwa kwa lori kutoka bandarini. Ndani yake, katikati ya majani makavu, mlikuwa na pikipiki ya Kulungu: tangi jeusi, ubavuni nembo ya kulungu anayeruka, magurudumu yamefungwa kando. Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, nimevaa shati jeupe, na fomeni akanitazama tangu kola hadi viatu.

"Shati hilo ni la harusi ya nani, mwanangu?"

"Langu, mzee."

"Basi liage."

Fomeni ndiye aliyewasimamia mafundi wote. Jina lake Mzee Rashidi, mtu wa Mtongwe, na kila asubuhi alivuka feri ya Likoni akafika kazini kabla ya sisi tuliolala jirani. Hakupenda kelele. Fundi akipiga nati kwa nyundo badala ya kuilegeza kwa spana, Mzee Rashidi humwendea akasimama nyuma yake kimya, mpaka mtu aione aibu mwenyewe.

Siku hizi mafundi vijana huniuliza kama sifa ya Kulungu ilikuwa ya kweli, na kama hizi mpya zinastahili kubeba jina lile. Mimi huwaeleza tulivyozipokea.

Kiwanda, kabla ya kuisafirisha pikipiki, huijaza mafuta mazito ya kuzuia kutu. Yakikaa miezi melini na boharini, mafuta hayo huganda kama sabuni. Kwa hiyo kila Kulungu iliyotoka sandukuni tuliifungua injini. Tuliitoa pampu ya mafuta, ile inayopeleka ulaini kwenye pistoni, tukaiosha kwa mafuta ya taa. Kisha fundi huweka mdomo kwenye njia ya mafuta akapuliza, na mwenzake upande wa pili huweka kiganja. "Pumzi imefika?" "Imefika." Ndipo injini hufungwa. Ilichukua siku nzima, na midomo yetu ilikaa na ladha ya mafuta ya taa hata wakati wa chai.

Mwisho wa yote fundi huinua siti na kugonga alama yake kwenye fremu kwa kipande cha chuma kigumu. Mzee Rashidi alikuwa na mwezi mwandamo. Mimi, nilipohitimu mwaka wa tatu, nilipewa nukta tatu. Mteja akipata shida hakumuuliza meneja. Aliinua siti, akaja karakana akasema, "Namtaka mwezi," au "Namtaka nukta tatu." Na pikipiki iliyorudi kwa kosa la fundi, fundi yule yule aliitengeneza, kisha akagonga alama ya pili kando ya ile ya kwanza. Alama mbili ilikuwa fedheha. Walikuwapo mafundi waliomaliza miaka kumi bila ya pili.

Wiki ile ile niliyopewa nukta zangu, zikaja Kulungu za namna mpya. Injini zilikuwa zimefungwa kwa lakiri nyekundu ya kiwanda, na meneja, Mzungu mrefu aliyevaa soksi hadi magotini, alitukusanya.

"Hii hapana fungua. Kiwanda nafunga, kiwanda najua. Weka gurudumu, weka petroli, gonga alama, peleka."

Mzee Rashidi alifuta mikono taratibu. "Bwana meneja, mimi sigongi. Sijaona ndani."

"Wewe naona nini zaidi ya kiwanda?"

"Naona njia ya bahari ziliyopita, bwana. Kiwanda hakikupanda meli."

Meneja akatutazama mmoja mmoja, akauliza nani yuko tayari. Wallahi sijui nilisukumwa na nini. Nadhani ni ile hamu ya kuiona alama yangu kwenye chuma kwa mara ya kwanza. Nikainua siti ya pikipiki iliyokuwa mbele yangu, nikagonga nukta tatu, na wengine wakanifuata. Mzee Rashidi hakunisemesha siku ile, wala ya pili yake.

Pikipiki hiyo alipewa Dresa Katana wa Mtopanga, aliyezungukia Kisauni nzima na sanduku la dawa, akifunga vidonda na kuchoma sindano nyumba kwa nyumba. Haikumaliza mwezi. Tulimwona anaingia langoni akisukuma mkokoteni, Kulungu imelazwa juu yake, sanduku la dawa kichwani.

"Nukta tatu ni nani hapa?"

"Ni mimi, dresa."

"Ah, ni wewe? Hebu nisikie. Jana nimekwenda kwa miguu mpaka Shanzu kumtazama mama aliyeungua na mafuta. Nimefika kidonda kimekwisha haribika. Nikuambie nini?"

Nilivunja lakiri mbele yake. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania kwenye silinda, na njia ya mafuta imezibwa na donge gumu la rangi ya asali. Mzee Rashidi akaja. Nilingoja maneno makali.

"Puliza," akasema.

Nikapuliza. Aliweka kiganja upande wa pili akatikisa kichwa. Nikachokonoa kwa waya, nikaosha, nikapuliza tena, mara sijui ngapi, mpaka akasema, "Imefika." Donge lile alilifunga kwenye karatasi, akaenda kuliweka juu ya meza ya meneja, akatoka. Baada ya chai meneja alisimama mlangoni. "Fungua yote," akasema. Tukazifungua zote, hata zile zilizokwisha kwenda kwa wenyewe tukazifuata Likoni na Kisauni. Nami nikagonga nukta tatu za pili mbele ya mafundi wote.

Uhuru ulipokuja, meneja alirudi kwao na Mzee Rashidi akapewa meza ile. Mimi nilipelekwa tawi la Likoni, kisha nikahangaika kwa kupenda: Voi, Tanga, Malindi, kokote penye injini. Nimeacha kazi kabla ya kutimiza hamsini kwa sababu mkono wa kulia umechoka, lakini miguu haijatulia. Na kote nilikopita, walipoisifu Kulungu nilijua wanavisifu viganja vya Changamwe.

Majuzi nilikuwa Bombolulu nikakuta muuza maziwa anafunga madebe yake kwenye Kulungu kuukuu. Nilimwamkia, nikaomba ruhusa niinue siti.

"Waona, mzee?" akasema kwa kujivuna. "Nukta tatu, tena nukta tatu. Za wenzangu zina moja moja. Hii ilikaguliwa mara mbili, ndiyo maana haifi."

"Ilikaguliwa mara moja tu. Alama ya kwanza niligonga bila kutazama ndani."

Akaitazama mikono yangu.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Alishusha madebe yake yote mawili chini, akanisogezea usukani. Nilipiga kiki. Mara ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikashika.