Siku Nilikwangua Simba wa Bruges

Ndugu zangu, mucheke tu, lakini mucheke polepole, juu hadi leo haya inanikula. Mimi mwenyewe, mutoto wa Kamituga, mutu wa kwenye dhahabu, ndiye niliharibia muzee furaha yake mbele ya rafiki zake.

Nilikuwa nachunga Papa Lucien, Mubelgiji wa Etterbeek, mutaa wa Bruxelles, yuko mu kiti ya magurudumu (namuamusha, namuosha, namupikia supu). Alikuwa anakusanya pièces, sarafu za dhahabu za ule wakati Austria ilitawala hapa Ubelgiji: sura ya malkia ileile, lakini kila muji ulipiga zake na alama yake, Bruxelles kichwa ya malaika, Anvers mukono, Bruges simba mudogo kabisa. Malaika alikuwa naye, mukono pia. Simba alimutafuta miaka quarante, arobaini nzima. Siku pièce ya simba ilipofika kwa posta, muzee alilia, akaalika rafiki zake wote samedi, Jumamosi.

Bon, samedi pièce inazunguka, kila mutu anasifu, halafu papa mumoja wa masharubu anasema, “Lucien, na kama ni ya bandia?” Wote wakacheka. Mimi roho ikanipanda (nani aliniuliza? nilikuwa nabeba kahawa tu!), juu kwetu baba alikuwa ananunua dhahabu, na alikuwa anaisugua kwenye jiwe nyeusi, ikiacha mustari wa manjano, basi, maneno imekwisha. Dirishani kulikuwa na jiwe nyeusi chini ya chungu ya maua. Nikanyakua pièce, nikasugua mara moja, mustari haukuonekana vizuri, alors nikasugua tena, na tena, kwa nguvu yote.

“Ni dhahabu ya kweli!” nikapaza sauti, mukono juu, kama nimefunga goli.

Papa wa masharubu akasema, “Mais... nilikuwa namutania.”

Papa Lucien akachukua kioo yake ya kukuza, akaangalia muda murefu. Simba hayuko. Kumebaki mikwaruzo.

“Merci, Célestin,” akasema. Heri angenitukana!

Wageni wakaacha kahawa nusu. Akaniomba nimulaze, saa kumi ya muchana, akageukia ukuta, na mimi pale naomba pardon hadi ulimi unakauka. Lundi, Jumatatu, bureau iliyoniajiri ikanihamishia kwa muzee mwingine, Ixelles. Dada aliyechukua nafasi yangu anasema muzee haaliki tena mutu.

Sasa mutu akinionyesha kitu yake, hata saa ya mukono, naweka mikono mu mifuko, nasema “c'est beau”, ni muzuri, na mikono inabaki humo hadi arudishe kitu yake.