Mtani Alipokuja Kunichagulia Bunduki

Usiku ule nilipojikuta na Komba kwenye duka la silaha, nilikuwa bado nakana kwamba jicho langu la kulia limechoka. Nilikuwa nimelikana jambo hilo kwa miaka. Nilimkania daktari wa macho, nikamkania binti yangu aliyemkuta mama yake akiusalimia mgomba, na nikajikania mwenyewe kwa ufasaha mkubwa, kama mtu aliyesomeshwa mpaka chuo kikuu ili ajue kujitetea.

Komba alikuwa mtani wangu. Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Babu zetu walipigana, wakatuachia sisi ruhusa ya kutukanana maisha yote bila mtu kununa. Tulifundisha shule moja, na kila msimu wa uwindaji ulipofunguliwa tulikata leseni tukaenda kumtafuta pongo, yule swala wa vichakani, kwa bunduki yake kuukuu ya mitutu miwili. Alipofariki nilifanya kazi ya mtani msibani. Nilivaa koti lake, nikaweka ufagio begani, nikapita mbele ya waombolezaji nikitembea kama yeye na kama mwanawe Fidelis, bega la kushoto likitangulia kana kwamba wanasukuma mlango. Mjane alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia, nami nikalia na ufagio wangu.

Bunduki ya marehemu ilirudishwa polisi, kama sheria inavyotaka, kwa hiyo mwaka huu ilinipasa kununua yangu. Kibali nilikuwa nacho. Fidelis, mtu mzima mwenye watoto wawili, alikuwa amekubali kutangulia mbele yangu porini kufuata nyayo. Kilichobaki ni kuchagua.

Niliwaza shotigani mbili. Moja ilikuwa na mitutu miwili na nakshi za maua, na mwisho wa mtutu kishanga cha shaba tu cha kulengea. Ya pili ilikuwa ya mtutu mmoja, mbaya ya sura kama bomba la maji, yenye vilengeo viwili, cha nyuma na cha mbele. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya risasi ya bonge. Marisau, zile chembe ndogo za risasi, hutawanyika, na mlengaji mvivu husamehewa. Bonge ni risasi moja nzito na huenda pale tu ulipoielekeza. Kwa pongo bonge ndilo la haki, kwa sababu humwangusha palepale, haendi kufia kichakani na maumivu yake.

Nikaipenda ile ya maua. Nilijiambia ni kwa heshima ya Komba. Ukweli ni kwamba nilipoijaribu ile ya pili dukani, kilengeo cha mbele kilikuwa ukungu mtupu.

Basi katika ndoto Komba alikuwa ameegemea kaunta, amevaa koti lilelile, akichokonoa jino kama mtu aliyetoka kula nyama ya bure. Sikushangaa. Mwenye duka hakuwepo, na bunduki zote zilikuwa zimelazwa kwenye kitanda changu, ambacho nacho kilikuwa pale dukani.

"Mateka wangu," alisema, "umekuja kununua pambo la sebuleni?"

"Marehemu hawana biashara dukani," nikamjibu. "Rudi ulikotoka, Mngoni wewe."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akaisukuma kando ile ya maua, akanipa ile ya mtutu mmoja. Nikaiweka begani, na nilipoinua uso ukuta wa duka haukuwepo tena. Pana majani marefu. Pana umande, na viatu vyangu vimelowa. Komba yuko nyuma ya sikio langu.

"Unaona nini?"

"Pongo."

"Dume au jike?"

"Dume. Ana pembe."

Na kweli namwona, mwekundu, mwenye madoa meupe ubavuni, masikio yanacheza. Macho yangu yote mawili yako wazi.

"Sasa lenga kama unavyolenga."

Nafumba jicho la kushoto, kama nilivyozoea. Pongo anayeyuka. Kinabaki kitu cha kahawia ndani ya moshi.

"Bado unamwona?"

"Namwona," nasema, kwa sauti ileile ninayomjibia daktari.

"Dume?"

"Dume."

Ile kahawia inasogea. Inatoka kwenye majani taratibu, na bega la kushoto linatangulia, kama mtu anayesukuma mlango. Nautambua mwendo ule mimi, niliyeuigiza mbele ya jeneza. Nataka kuishusha bunduki, mikono haishuki. Kidole kiko kwenye kifyatulio, na si mimi ninayekikunja. Komba hanishiki mkono. Ananitazama tu, utani wote umemtoka usoni.

"Mtani," anasema, "nimemwacha mmoja tu."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nilikaa kitandani, nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikaitazama kanga iliyoning'inia mlangoni. Niliinunua mwenyewe kwa sababu ya maneno yake. Sikuweza kusoma hata herufi moja.

Nikachukua simu.

"Shikamoo, shangazi," Fidelis aliitikia upesi.

"Marahaba. Fideli, jicho langu la kulia halioni."

Nilisikia kuku wake, na mkewe akiuliza ni nani.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu msimu ule wa mwisho na baba. Ulinikonyeza ninyamaze, tukakinyemelea kichuguu asubuhi nzima. Baba akanikataza kukwambia. Alisema utajua mwenyewe."

"Na bado ungekuja kunitangulia?"

"Nisingekuja. Nilishapanga malaria."

"Malaria?"

"Mama Neema angenifunika blanketi. Ameliweka tayari."

"Mngoni mwoga kuliko wote!"

"Mwoga mwenye watoto wawili, shangazi."

Nilicheka, halafu nikamwambia kibali changu nakirudisha. Aombe chake. Msimu ukitupita, utupite. Bunduki atakwenda kuichagua mwenyewe, nami nitamwonyesha ile mbaya ya mtutu mmoja, lakini atakayeiweka begani ni yeye.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma na nini mkononi?"

"Na sufuria."

"Hapo nakuja," alisema, na kabla simu haijakatika nilimsikia akimwambia mkewe alikunje lile blanketi.