Madai ya Rukiya na Nyumba ya Matanga

Rukiya Elmi hakuumbwa kuonewa. Kwenye maduka ya Alum Rock Road wanamjua: nyanya ikiwa na doa huirudisha siku hiyohiyo, na muuzaji akijifanya hamkumbuki, yeye humkumbusha kwa sauti hadi wapita njia wasimame. Alizaliwa Garissa, akakulia Eastleigh, akakaa Uholanzi miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwa Waingereza, na huko kote alijifunza jambo moja, kwamba mnyonge hana haki mpaka aidai. Kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao, katika mtaa wa Hodge Hill anakoishi, nao wanampenda kwa sababu huwapigania kwa daktari kama wazazi wake mwenyewe.

Kwa hiyo dari ya jikoni ilipoanguka, hakulia. Emery, fundi Mkongo wa mtaa jirani wa Saltley, ndiye aliyemtengenezea bafu la juu, na bomba alilolifunga likavuja kimyakimya mpaka dari ikalowa na kuporomoka juu ya jiko. Rukiya akampigia simu. Emery akasema anakuja. Hakuja. Akapigiwa tena, akasema kesho, na kesho ya fundi kila mtu anaijua. Alipoacha kabisa kupokea simu, Rukiya alimwandikia onyo, akangoja jibu, akalikosa, akafungua madai madogo kwenye mtandao.

Mahakama ya madai madogo haina makuu. Wakili si lazima. Unaeleza kisa chako kwenye kompyuta, unalipa ada, na mdaiwa anatumiwa bahasha kwa posta. Akikana madai, mnapatanishwa kwanza kwa simu, na mkishindwa ndipo mnafika mbele ya hakimu. Asipojibu katika muda wa wiki mbili hivi, mdai anabonyeza kitufe cha kuomba hukumu, na hukumu inatoka bila mdaiwa kusikilizwa. Rukiya alikipenda sana kitufe hicho hata kabla ya kukigusa.

Haikupita wiki akasikia kazini kwamba Mardochée, kaka yake Emery aliyekuwa akiugua muda mrefu, amefariki Bukavu, na kwamba nyumba ya Saltley imejaa waombolezaji. Kumbe ndiyo sababu simu hazikupokelewa. Mtu na akili zake angesema, basi, kesi na ingoje. Rukiya hakusema hivyo. Lakini pia ni mtoto wa watu, aliyefunzwa kwamba msibani hakuna ugomvi, kwa hiyo alipika sufuria ya pilau, akajitanda mtandio wake, akaenda kutoa pole siku ya kuondoa matanga.

Mlangoni viatu vilikuwa vimerundikana, na chini ya viatu, barua. Posta ya siku nyingi ilikuwa ikikanyagwa pale bila mtu kuijali. Rukiya hawezi kuona fujo akaiacha. Aliinama kuzizoa, na katikati ya matangazo ya piza akaiona bahasha ya mahakama, haijafunguliwa. Aliitambua kwa sababu naye alitumiwa kama hiyo alipofungua madai. Gisèle, mke wa Emery, alikuwa amesimama karibu, macho yamemvimba kwa kulia. Ilitosha kumpa na kumwambia, dada, isomeni hii. Badala yake Rukiya aliisukumiza kati ya yale matangazo, akaupanga mrundo wote vizuri juu ya friji, akaingia kuosha vyombo. Gisèle akamshukuru kwa kumsaidia kupanga nyumba.

Ndani ya basi la kurudi alijitetea. Matangani hayaletwi madai, alijiambia, ni utovu wa adabu. Ulikuwa uongo mzuri, akaung'ang'ania. Siku zilipotimia akabonyeza kitufe. Tena, kusema kweli, alikibonyeza kwa raha, na raha hiyo ndiyo inayomwaibisha hadi leo kuliko kitufe chenyewe.

Hukumu ilimkuta Emery akitafuta nyumba nyingine ya kupanga. Wakala akamkataa, maana jina lake lilikuwa limeingia kwenye orodha ya waliohukumiwa, na usipolipa ndani ya mwezi jina hukaa humo miaka sita. Akaomba hukumu ifutwe. Wote wawili wakaitwa mahakamani, mjini.

Wasiojua hudhani watakuta majoho na nywele za bandia. Ni chumba kama ofisi tu, meza moja ndefu, jagi la maji, na hakimu, mama wa makamo mwenye miwani. Emery alivaa suti aliyoivaa msibani. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza alieleza kwamba hakuiona barua yoyote, kwamba nyumba ilikuwa imejaa watu wa kilio.

"Barua ilitumwa kwenye anwani yako, na unaishi hapo," hakimu alisema kwa upole. "Kila anayekuja hapa huniambia hakuiona. Nani anaweza kukuthibitishia?"

Emery alifungua viganja vyake, vitupu. Gisèle, aliyekaa nyuma yake, akainama.

Rukiya alikuwa ameshashinda. Alitakiwa kunyamaza tu, na tangu siku ya bahasha kunyamaza alikuwa amekuzoea. Lakini kimya kingi kina mshindo, na wake ulikuwa unamgonga masikioni. Alijiona mchafu, mchafu hasa, yeye mtetezi wa wanyonge. Akapiga moyo konde.

"Anasema kweli," akamwambia hakimu. "Hakuiona. Mimi niliiona, nikaificha."

Hakimu aliweka kalamu chini. Rukiya akaeleza yote, viatu, pilau, friji. Hukumu ikafutwa palepale, ikaamriwa jina la Emery liondolewe kwenye orodha, na shauri la dari likarudi mwanzo, likapatanishwe. Hakimu hakumkemea. Angemkemea, pengine Rukiya angepumua.

Kwenye ukumbi wa nje Emery alimfuata na kumpa mkono.

"Aksanti, Mama. Ile plafond, dari ya jikoni, miye nitakuja kuitengeneza. Kosa ni yangu, kweli."

Shukrani ile ilimuunguza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye alikuwa akiambiwa pole na asante kwa pamoja. Gisèle alisogea polepole.

"Kitu kimoja sielewe," alisema. "Siku ya kuondoa matanga, mzee wa kanisa alisimama mbele ya batu yote. Akauliza, mwenye deni ao neno na marehemu, ao na hii nyumba, aseme sasa. Njo desturi yetu. Weye ulikuwa umeisha kwenda, hein?"

Aliuliza kwa huruma, amemfungulia mlango wa kutokea. Emery naye alikuwa akimtazama kama anayeomba jibu liwe ndiyo. Hapakuwa na hakimu tena wala kiapo. Kwao Rukiya pia huulizwa hivyo hivyo kabla maiti hajazikwa, na tangu utotoni alijua maana ya swali lile.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa kwa sink, naosha vyombo. Nilifunga mfereji ndio nisikie vizuri."