Suruali Nyeupe Niliyoivaa Makote

Niliondoka Masasi kwa sababu ya ujumbe mfupi. Mzee Mchopa wa Makote, mjomba wake Asumini, alimtuma mpita njia aniambie hivi: "Huyo fundi cherehani anayemtaka mpwa wangu aje mwenyewe nimwone, kabla korosho hazijaanza kuanguka. Asipofika, yupo mwingine." Asumini nilifahamiana naye alipokuja mtaani kwetu Mkomaindo kumuuguza dada yake, na tangu arudi kwao nilikuwa nimeshona mashati mawili mikono nje ndani. Kule kwao juu mlimani, baba akikubali mjomba akakataa, basi umekataliwa.

Siku hizo Mwingereza alikuwa bado yuko bomani, na lori la kwenda huko Newala lilipita lilipojisikia. Rafiki yangu Sefu, fundi baiskeli, alikuwa na pikipiki aliyouziwa na mzungu wa mashamba ya karanga alipokuwa akifunga virago. Mwenzetu mwingine, Mwalimu Danieli, aliazima nyingine kwa kaka yake. Mimi sikuwa na pikipiki. Nilikuwa na suruali nyeupe ya kitambaa cha drili, niliyoishona siku tatu.

"Hiyo ndiyo unayoivaa njiani?" Sefu aliniuliza.

"Ndiyo."

"Haya, bwana harusi. Panda kwa Mwalimu."

Alfajiri tuliacha majabali ya Masasi nyuma yetu, debe la petroli likiwa limefungwa kwenye pikipiki ya Sefu, mimi nyuma ya Danieli. Njia ya bondeni ilikuwa nzuri, tukaimba hata koo zikakauka.

Saa nne tulifika chini ya mlima. Pikipiki ya Danieli ilikohoa mara mbili ikazima, nikashuka kusukuma. Kila gurudumu lilipozunguka lilinirushia vumbi jekundu, na Sefu aliyekuwa mbele alicheka mpaka karibu aanguke.

Juu ya mlima hewa ilibadilika. Upepo ulikuwa wa baridi, mikorosho na mihogo pande zote, na njia ya mchanga iliyofanya pikipiki zetu ziyumbe kama walevi. Tuliwapita wanawake wengi waliofuatana mstari mmoja, mitungi vichwani, majani mabichi yakichungulia midomoni mwa mitungi. Nilidhani wanakwenda shughulini. Niliwapungia mkono, na hawakuwa na mkono wa kunipungia.

Saa saba tulifika Makote. Mzee Mchopa alikuwa shambani, tukapokewa na mkewe, Mama Somoe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Poleni na njia." Alituletea mtungi na kata ya kifuu, akaenda jikoni kuwasha moto.

Tulikunywa. Kisha nikajitazama. Suruali ilikuwa rangi ya tofali. Mjomba hawezi kunikuta hivi, nikasema, nikachota maji. Nilinawa uso, nikaosha miguu, nikasugua magoti ya suruali. Sefu akaniambia, maadamu nimeshika kata, nimmwagie na yeye. Tukamalizia kwa kuosha pikipiki ili zing'ae. Mama Somoe alipotoka na sufuria kuchota maji ya ugali, mtungi ulikuwa umelala ubavu.

Alitazama matope. "Haya," alisema taratibu, akarudi jikoni kuuzima moto.

Sauti ikatoka nyuma yetu. Mzee Mchopa alikuwa amefika, jembe begani. "Mmeoga?"

Niliiweka kata chini.

"Mke wangu alitoka hapa majogoo wanawika. Maji yako chini bondeni, asubuhi yana foleni, na amerudi jua likiwa utosini. Hayo yalikuwa ya ugali wenu, na ya kwetu mpaka kesho."

Sisi wa Masasi kisima kiko karibu, hata baiskeli tunaziosha. Niliona aibu, na nyuma ya aibu nilimwona Asumini akiondoka na yule mwingine.

Sefu alisema ataenda na pikipiki na debe. Mzee akamjibu, "Njia hiyo hata mbuzi huifikiria kwanza. Na debe lenu linanuka petroli."

"Naomba mtungi, mama," nikasema.

"Mwanamume hajitwiki maji, baba," alisema Mama Somoe.

"Mimi ndiye niliyeyamwaga."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa mtungi na ngata yake ya kuweka kichwani chini ya mtungi.

Alasiri nilifika kwenye chemchemi, na vicheko vilinipokea kabla ya maji. Katikati ya wanawake waliokuwa wakichota alikuwapo Asumini. Alitazama suruali, akafunika mdomo kwa khanga. Nilijaza mtungi nikajitwika, na hatua ya pili maji yakaniingia shingoni. Akavunja tawi la majani, akalitumbukiza mtungini.

"Weka majani, fundi, yasiruke," alisema. "Na usitazame miguu. Tazama mbele."

Nilipanda nikitazama mgongo wake. Shingo iliniuma kuliko siku zote za kuinamia cherehani, na hata hivyo nilikuwa na furaha.

Jua likielekea kuzama niliutua mtungi uani. Maji yaliyofika yalikuwa nusu mtungi na kidogo. Mzee Mchopa alichungulia mtungini, kisha akaichungulia suruali. Mama Somoe alichota kata ya kwanza akanipa mimi. "Kunywa, baba. Umechoka."

Nilikunywa bila kumwaga hata tone. Mzee akangoja nimeze.

"Huku kwetu mwanamume huhamia kwa mke," alisema. "Hiyo cherehani yako inabebeka?"

"Inabebeka, mjomba."

"Basi ilete. Ila suruali hiyo usije nayo."

Asubuhi tuliteremka mlima, Sefu akipiga honi kila kona kama tunampeleka bibi harusi. Tulipofika Mkomaindo alichota ndoo mbili kisimani kuosha pikipiki yake. Nilisimama nikitazama maji yakikimbilia mtaroni, nikayahesabu kwa hatua za Asumini, toka chemchemi hadi uani. Nilimpokonya ndoo ya pili nikampa kitambaa apangusie.

Jioni ile, kabla sijaifunga cherehani kwa safari, niliitumia mara ya mwisho barazani. Niliikata suruali nyeupe vipande, nikashona ngata mbili, ya Asumini na ya kwangu.