Feni Iliyomfichia Ngeleka Kikohozi

Feni ile ya kompyuta aliiharibu Ngeleka mwenyewe, na aliyelijua hilo ni yeye peke yake. Duka la Mama Domitille, la kuchapa barua na kutoa fotokopi, limekaa ukingoni mwa barabara ya malori ya madini pale Kolwezi. Vumbi jekundu huingia humo bila kubisha hodi, na lilijaa kwenye kompyuta mpaka ikawa inapata joto na kuzimika katikati ya kazi. Ngeleka, karani na fundi wake, akaibeba hadi kwa jirani mziba matairi, akaomba hewa ya kompresa. Fundi yeyote anajua kwamba ukipuliza feni unashika mapanga yake kwa kidole yasizunguke. Ngeleka aliyashika. Kisha kikohozi kikamkaba, kidole kikachomoka, mapanga yakazunguka kama yamepandwa na wazimu mpaka kitu ndani kikalia.

Tangu siku hiyo mashine ikawa safi, lakini kelele yake haikuvumilika.

Kikohozi hicho alikitoa mashimoni. Ujana wake wote alichimba shaba bila hata kitambaa puani, na kompyuta alijifunza ili aachane na kazi hiyo. Sasa alikuwa na hofu moja tu. Mama Domitille alishamfukuza Glodie, msichana wa fotokopi, kwa sababu alikohoa mbele ya wateja. Alisema duka lake si hospitali. Lakini feni ikinguruma, Ngeleka aliweza kukohoa mpaka mbavu zikauma na asigeuke mtu. Kila alipoulizwa habari za feni, alijibu kwamba kipuri hakijapatikana. Uongo mtupu, ila ungekuwa wewe ungesema nini?

Mambo yalimharibikia pale mama huyo alipoanza kurekodi kwa kompyuta hiyo matangazo ya vifo ya kupeleka redioni. Aliyasoma mwenyewe, kwa sauti ya majonzi anayoivaa na kuivua kama kitenge cha sherehe.

"Tata Ngeleka," akamwambia, "batu banafikiria niko na moulin ya kusaga bunga humu. Tengeneza ile kintu leo, ao nitatafuta mwingine."

"Ndiyo, mama."

Alibandua kibandiko cha katikati ya feni, akadondosha tone la mafuta ya cherehani, akazungusha mapanga taratibu, akakibandika tena. Kazi nyepesi kiasi cha kumliza mtu. Alipowasha, feni ilinong'ona tu. Kwa kitambo kidogo akaisahau hofu yake na kujiona fundi hasa.

Mteja wa kwanza alikuwa Mbuyu, aliyefiwa na mama yake huko Mutshatsha. Alikaa, kofia magotini. Domitille akaanza kusoma. Ngeleka akabana pumzi, akang'ang'ania meza, machozi yakamtoka. Jina la marehemu lilipotajwa tu, kifua kikamshinda.

Wakarudia. Akakohoa tena. Akaomba atoke nje, akaulizwa nani atashika mashine. Mara ya tatu ikawa yale yale, na Mbuyu akasogeza kiti chake mpaka mlangoni.

"Redio iko karibu kufunga. Tuma vile vile," Domitille akasema. Akangoja mteja aondoke. "Mashine inapona. Makelele yenye inabakia ni yako. Kesho usikuye ku kazi."

"Mama, ni mavumbi tu."

"Hata Glodie alisema vile."

Nyumbani akamdanganya mkewe, Fidélie, kwamba amepewa mapumziko. Kikohozi chenyewe walikuwa wamekwisha kukizoea. Wote wawili walikiita vumbi, na Fidélie aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Jioni alikuwa akisonga bukari redio ikiwa wazi. Sauti ya Domitille ikamtaja mama yake Mbuyu, halafu kikasikika kikohozi kizito, kirefu, cha kutisha. Kwa mara ya kwanza Fidélie alikisikia kama wanavyokisikia watu wengine.

Akaacha mwiko. Akamtazama mumewe, akawatazama watoto waliokuwa wakimngoja baba yao wale naye sahani moja. Akachukua sahani nyingine, akampakulia peke yake, akamwekea karibu na mlango.