Gati la Mdogo Wangu

Shamba walilotuachia wazazi linaishia ziwani. Zamani pa kupandia mtumbwi palikuwa tope tu katikati ya mafunjo, na ukitaka kuondoka lazima uingie majini hadi magotini. Hapo ndipo mamba alipomkamata mdogo wangu anayenifuata. Wavuvi wenzake walimpiga yule mnyama kwa makasia mpaka akamwachia, lakini hospitalini ilibidi wamkate mguu wa kulia juu ya goti.

Mimi ni dada mkubwa. Niliacha shule mama alipofariki, baba akiwa ameshatangulia, na tangu hapo wadogo zetu tuliwalea sisi wawili, yeye ziwani, mimi shambani. Aliporudi na magongo alikaa ndani akitazama ukuta. Nikaamua tujenge gati, daraja fupi la mbao la kuingia ziwani, apande mtumbwi bila kugusa maji.

Mjomba, kaka yake mama, ni fundi wa mbao huko Ntobeye. Alipofika alisimama mbali na maji.

"Tufanye la kuelea," alisema. "Mapipa ya plastiki chini, mbao juu. Ziwa likipanda, nalo linapanda. Na hakuna wa kuingia majini kusimika nguzo."

Mdogo wangu alicheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. "Mjomba, mwenye miguu miwili anayumba juu ya pipa. Sembuse mimi? Au unampelekea mamba kipande alichobakiza?"

Mjomba hakucheka. Tukachagua nguzo.

Sasa, nani aingie majini? Pale kijijini hakuna aliyekubali. Nikasema nitaingia mimi.

"Dada yangu nimeshamzika," mjomba alisema. "Mtoto wake simtumbukizi humo."

Tukajenga kutokea nchi kavu. Nguzo za mkaratusi tulizinunua Nyakahura, ndefu na zilizokauka vizuri. Tulisimika mbili tukiwa ukingoni, tukazigonga kwa gogo, tukapigilia mbao, kisha tukasimama juu ya mbao hizo kusimika mbili nyingine mbele yetu. Kazi yangu ilikuwa kulala kifudifudi na kushikilia nguzo zisipinde. Kila povu lilipoibuka karibu yangu, nilirudisha mikono.

Lilipokamilika, mdogo wangu alitembea hadi mwisho bila kushikwa. Gati halikutikisika. Akakaa, akajisogeza taratibu hadi ndani ya mtumbwi. Mtumbwi ukayumba kidogo, kama mtumbwi wowote. Akaikumbatia nguzo. Nilimwambia aiachie, nimemshika. Hakuiachia. Mwishowe mimi na mjomba tulimvuta juu.

"Dada, uza mtumbwi," alisema.

Sikuuza. Wapo hapa wanaosema mwanamke akipanda mtumbwi samaki hukimbia. Niliwasikia, nikachukua kasia. Natega nyavu mbele kidogo ya mafunjo, na samaki ninaoleta ni wachache kuliko aliokuwa akileta yeye. Nikiondoka huwa amekaa mwisho wa gati, magongo mapajani.

"Piga kushoto, dada," ananipazia sauti. "Hapo unakoroga uji tu."

Napiga kushoto. Mtumbwini hajarudi, nami nimeacha kumwomba.