Jodari wa Kitoweo

Shangazi yangu hapimi watu, lakini bandarini wote wanamwita Bi Rula. Vyombo vikishusha jodari, humlaza samaki kwenye ubao, humpima toka mdomoni hadi panda ya mkia, kisha huandika. Idara ya uvuvi ikiona wachanga wamezidi, hufunga eneo wanamokulia. Ikiona wakubwa tu, huliacha wazi.

Mwezi ule idara ilikuwa inataka kuamua, na karatasi za shangazi zilijaa wakubwa watupu. Mwenyewe hakuamini hata chembe. Alitia mkono kwenye kila boksi la barafu, akawatazama manahodha kama wezi wa kuku.

"Bi Rula, umepoteza pete humo?" mabaharia wakamtania.

"Nimepoteza watoto wa jodari. Mnawalaza wapi?"

Aliyemshuku kuliko wote ni baba yangu, kaka yake wa tumbo moja. Basi na mimi nikaanza kumchungulia baba.

Jumamosi shangazi alikuja kula kwetu. Hakugusa wali. Alichukua mkia kwenye sahani yangu, akaupima kwa vidole.

"Kaka, huyu hakupita kwangu."

Baba akaacha kutafuna. "Hicho ni kitoweo. Tangu lini kitoweo kikaandikwa? Wakubwa tunauza, wadogo tunagawana, kila baharia na ndoo yake."

"Vyombo vyote?"

"Vyote. Ndivyo tulivyokuta."

Shangazi akanigeukia. "Mnakula hawa kila siku?"

Nikaitikia. Mama akanikata jicho.

"Kumbe nawasaka kwenye barafu, nao wako sufuriani. Idara itasema pale hakuna wachanga. Ukiwamaliza hawa, baadaye utavua nini, kaka? Maji?"

Baba akausogeza mkia ule pembeni. Mpaka leo sijui kama hakujua, au alijua akajikausha.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kupeleka ndoo yake kwenye ubao. Wenzake walimwita msaliti, lakini wakapanga mstari nyuma yake wakinung'unika. Shangazi alipomaliza kupima, akaichungulia ndoo ya baba, akaigonga kitako.

"Ni hii moja tu?"

"Moja tu, dada."

Haukupita muda, idara ikalifunga lile eneo. Baba akasema amehamia maji ya mbali.

Jioni moja shangazi alitokea kwetu bila kualikwa, akapitia mlango wa jikoni, akafunua sufuria. Maharage. Akayakoroga mpaka chini kabisa, ndipo akaketi.